Mlango wa Gatimu

Wamagana,
12 Mei 1968

Kwa ndugu yangu mkubwa Gatimu,

Kabla hujaendelea kusoma, vua kofia. Anayekuandikia si yule Ngatia uliyemwacha akichunga ng'ombe wawili na kumpoteza mmoja. Anayekuandikia ni mtu ambaye akikohoa huku kwetu, kuku wanaacha kutaga ili wasikilize. Chifu Kihara mwenyewe hawezi kujikuna mgongo kabla hajaniuliza aanzie upande gani. Watu wanasema tangu Uhuru haijaonekana akili kama hii katika mlima huu mzima, na mimi nilifundishwa nisibishane na watu wazima.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu mtu wa Serikali haandiki mambo ya kazi kwa lugha ya jikoni. Ndiyo, umesoma vizuri. Nimekuwa karani wa kamati ya zahanati. Wale waliosema ati darasa la sita halitanifikisha popote, siku hizi wanaamka mapema waje kunisalimu. Hata yule mwalimu aliyenifukuza shule amekuja na kuku. Kuku nilimpokea. Salamu nikamwambia alete kesho.

Sasa sikia kazi yenyewe. Zahanati inajengwa pale juu ya kanisa, kwa harambee, na kila mwenye nyumba anatakiwa kutoa shilingi ishirini. Wengine wametoa. Wengine wamepatwa na ugonjwa wa masikio. Chifu akituma askari wakamate mbuzi, mbuzi wameshavuka mto, wamelala kwa wakwe. Wakienda kukamata kuku, kuku wako juu ya mti. Askari wanarudi na manyoya mkononi. Ndipo nikamwambia, "Mzee, tunakimbizana na vitu vyenye miguu. Kwa nini tusichukue kisichokuwa na miguu?"

"Kama nini?"

"Mlango."

Akacheka mpaka akashika meza.

Mlango, Gatimu! Nani ataficha mlango? Ukiuficha, si umejinyang'anya mwenyewe? Nimenunua bisibisi, natembea nayo kwenye mfuko wa shati kama kalamu. Nafungua bawaba, naweka mlango begani, mwenye nyumba anabaki akitazamana na migomba yake kupitia shimo. Jioni haijafika, pesa imekuja. Anarudishiwa mlango wake na anapewa kwaheri. Ukija kuiona hiyo zahanati utacheka. Paa haina, lakini milango imejaa ndani kama duka la Mhindi.

Jina lako liko kati ya wale ambao hawajatoa. Nimelifunika kwa kidole. Lakini kidole nacho huchoka, kwa hivyo tuma hiyo ishirini haraka.

Shemeji Kagure hajambo. Watiri ameota jino. Tangu umpe huyo mtoto jina la marehemu mama, mimi siwezi kumpita bila kumwamkia kama mtu mzima. Jana nilimwambia, "Mama, ulituacha ukiwa huna meno, ukarudi ukiwa huna meno, sasa angalau umeanza kuyaokota." Shemeji alinirushia mwiko.

Ni mimi, mkono wa kulia wa Serikali,
Ngatia

*

Nanyuki,
24 Mei 1968

Ngatia,

Barua yako niliisomea jikoni hapa hotelini, na wapishi wakaniuliza ninacheka nini. Nilicheka mpaka nikafika kwenye mlango. Hapo nikaacha.

Nakujibu kwa Kiswahili hicho hicho, usije ukatangaza kwamba kimenishinda.

Mimi kodi nalipa. Hukatwa kwenye mshahara kabla sijauona huo mshahara, na stakabadhi ninayo mfukoni hata sasa ninapoandika. Sijawahi kusema Serikali isilipwe. Barabara haijitengenezi, najua. Lakini kodi ina sheria yake, imepitishwa na watu tuliowachagua, na mtu akionewa anaweza kwenda kortini. Harambee ni kitu kingine. Walipotufundisha neno hilo walisema ni kuvuta pamoja. Anayevutwa sikio havuti pamoja na mtu yeyote. Kama hiyo ni kodi, iiteni kodi na muipeleke Bungeni. Kama ni mchango, ngojeni niutoe nikipenda.

Wakati wa hali ya hatari, Mzungu alipotufungia vijijini, wewe ulikuwa mdogo, ulijua njaa tu. Mimi namkumbuka mama akichimba mtaro wa kijiji kwenye manyunyu, hajala, na askari nyuma yake ana kiboko. Unajua waliiitaje ile kazi? Kazi ya jamii. Walisema ni kwa faida yetu wenyewe. Na yule aliyekuwa nyuma ya mama hakuwa Mzungu, Ngatia. Alikuwa kijana wa hapo kwetu, amepewa kofia, na alikuwa anachekesha watu.

Mwambie Mama Watiri asitoe hata senti. Pesa ninayotuma ni ya unga na maziwa ya mtoto. Na kama mnautaka mlango wangu, njoo uuchukue wewe kwa mkono wako, usitume askari. Nataka nimjue aliyeuchukua.

Acha hiyo kazi. Hata kupoteza ng'ombe kuna heshima kuliko hiyo.

Nduguyo,
Gatimu

*

Wamagana,
9 Juni 1968

Kwa Baba Watiri,

Ni mimi Kagure. Mkono ni wa Ngatia kwa sababu kalamu na mimi hatukukutana tukiwa wadogo. Yeye anaandika ninavyosema. (Naandika, bwana. Amekaa kwenye kigoda anamenya viazi, ananiangalia kama mtu anayeibiwa. Ngatia.)

Barua yako nimesomewa. Uliyosema kuhusu mama nimeyasikia, na ni kweli. Lakini wewe uko Nanyuki na maneno yako, mimi niko hapa na majirani. Wanawake wote wa huku wamebeba mawe ya hiyo zahanati. Mimi pia nimebeba, mtoto akiwa mgongoni, na hakuna aliyenishurutisha. Mwaka jana Murugi wa hapo chini alijifungulia njiani, mvua inanyesha, tukimpeleka Nyeri mjini. Nilikuwa nimeshika kichwa chake. Mtoto hakulia. Wengine wakisikia zahanati wanamfikiria chifu. Mimi namfikiria Murugi.

Kwa hivyo naomba niuze yule mbuzi mdogo nitoe hiyo ishirini. Si kwa kumwogopa chifu, wala huyu mwenye bisibisi. Wewe umesema mtu atoe akipenda. Basi mimi napenda. (Hapo amekukamata. Mimi sijaongeza neno. Ngatia.)

Mtoto sasa anatambaa mpaka mlangoni, anaushika ubao, anasimama. Akisimama hivyo anapiga kelele watu wote wamwone. Fundi wa kupiga kelele ni wewe, kwa hivyo sina la kuuliza.

Jibu upesi.

Kagure

*

Nanyuki,
20 Juni 1968

Mama Watiri,

Ngatia akusomee hii bila kutia chumvi yake.

Hapana. Ukitoa wewe, watasema Gatimu ametoa, na nitakuwa nimeinamisha kichwa mbele ya watu. Sikatai zahanati. Siku wakiacha kuchukua milango ya watu nitatoa zaidi ya ishirini, na mabati ya paa nitayabeba kwa kichwa changu mwenyewe. Lakini sitatoa nikiwa nimeshikwa shingo, na mke wangu hatatoa kwa niaba yangu. Mimi ndiye mwenye nyumba.

Mbuzi asiuzwe.

Baba Watiri

*

Wamagana,
7 Julai 1968

Kwa Bwana Mkubwa wa Nanyuki,

Nimeuchukua.

Usiseme sikukusitiri. Jina lako nimelifunika karibu miezi miwili, na kidole changu si kifuniko cha sufuria. Jumapili iliyopita, watu wanatoka kanisani, Wamae akanisimamisha mbele ya umati. Wamae nimemchukulia mlango mara mbili, kwa hivyo ananipenda sana. Akapaza sauti, "Karani! Milango ya maskini unaiona. Mlango wa nduguyo una dawa gani?" Watu wakacheka. Walicheka, Gatimu, na walikuwa wananicheka mimi.

Ijumaa nikaenda. Peke yangu, kwa mkono wangu, vile ulivyoagiza. Shemeji alikuwa mlangoni anapepeta maharagwe. Akaona bisibisi, akajua.

"Ngatia, baridi imeanza."

"Mwandikie mumeo."

"Si wewe ndiye unayeandika?"

Nikaanza na bawaba ya juu. Mama yetu mdogo, Watiri, alikuwa amesimama akiushikilia ubao kwa chini. Ikabidi nimbandue vidole, kimoja kimoja, na kila nikitoa kimoja anarudisha kingine huku akicheka, anadhani ni mchezo. Shemeji akaja akamchukua. Ametundika gunia mahali pa mlango. Ni gunia zuri, jipya.

Sasa na mimi nikujibu yale ya mtaro, kwa sababu umeniita yule kijana mwenye kofia na hilo halijanipita. Mtaro ule ulikuwa wa kumfungia mama ndani. Hii ni hospitali. Nani ataijenga? Mzungu alienda kwao na hospitali yake ndani ya sanduku. Kila mtu anataka paa, na hakuna anayetaka kuombwa msumari. Tukingoja mpaka kila mtu apende, tutajenga lini? Wewe uko mbali, umeshika stakabadhi yako mfukoni, unaongea juu ya uhuru. Siku mtoto wako akiugua utamwambia daktari nini? Kwamba wewe ni mtu huru?

Mlango wako uko ndani ya zahanati, nimeuegemeza ukutani na kuufunika kwa majani ya migomba. Ukiutaka, unamjua anayeutunza. Mwandikie vizuri, kwa adabu, kama watu wanavyomwandikia karani.

Ngatia

*

Nanyuki,
14 Julai 1968

Ngatia,

Vizuri. Umekuja mwenyewe, na sasa namjua aliyeuchukua.

Hilo shimo liacheni hivyo hivyo. Nataka kila anayepita njiani alione. Hapa nimekutana na mtu anayejua sheria, mzee mmoja aliyekuwa karani wa korti, na tunaandika barua kwa Bwana D.C., mkuu wa wilaya. Tutataja jina la Chifu Kihara, na jina lako, na tutauliza ni kifungu gani cha sheria kinachomruhusu mtu kufungua nyumba ya mwingine kwa bisibisi. Nikipata ruhusa mwisho wa Agosti nitakuja nayo mkononi.

Mwambie Mama Watiri asipeleke kitu wala asimwombe mtu. Atundike gunia la pili. Ni wiki chache tu. Watu wa nchi hii walilala msituni miaka na miaka bila milango, na hawakuomba.

Kwako wewe sina adabu ya kuandika.

Gatimu

*

Wamagana,
22 Julai 1968

Baba Watiri,

Ninaandikiwa na Muriithi, yule anayefundisha watoto wa ubatizo. Nimemwomba aandike maneno yangu tu, na amekubali.

Mtoto anakohoa tangu Jumatano. Nilimwambia Ngatia akuandikie, akasema sawa. Sijui kama aliandika.

Magunia ni mawili kama ulivyosema. Ukungu unapita katikati. Moto nauwasha mchana na usiku, lakini joto lote linatoka nje, ni kama napasha njia. Mbuzi nimewalaza karibu naye. Nimemfunga kifuani ndani ya blanketi, na nasikia kifua chake kikilia kama jani kavu.

Jana nilipanda mpaka zahanati kuuomba mlango. Niliomba mimi, nikiwa nimembeba. Ngatia alikuwa ameketi hapo mbele. Hakunitukana. Alisema, "Shemeji, mwenye nyumba ndiye anayetakiwa kuomba." Nikamwambia mwenye nyumba yuko Nanyuki. Akasema, "Basi kuna posta."

Wewe umesema wewe ndiye mwenye nyumba. Yeye pia anasema hivyo hivyo. Mimi ninayelala ndani hakuna anayeniuliza.

Baba Watiri, omba. Ni mbao tu zile. Mwandikie neno moja analolitaka, baadaye mtapigana mpaka mchoke.

Mbuzi nimemuuza leo kwa ajili ya nauli. Sikukuomba ruhusa. Kesho asubuhi nampeleka hospitali Nyeri mjini.

Kagure

*

Nanyuki,
25 Julai 1968

Ngatia,

Barua ya Kagure imenifikia leo. Urudishe mlango.

Tafadhali, ndugu yangu. Tafadhali, karani. Chagua jina lolote unalotaka nikuite, nitakuita. Wakirudi kutoka hospitali wakute nyumba imefungwa na kuna moto. Kama skrubu zimepotea, simama pale uzibe kwa mgongo wako mpaka nifike.

Nimeomba ruhusa. Wakininyima nakuja hivyo hivyo.

Gatimu

*

Wamagana,
18 Agosti 1968

Gatimu,

Sijui kama utaifungua hii. Mkiwa hapa hukunitazama, na siku mlipoondoka wewe na Kagure mlipitia njia ya chini ili msinipite. Nilikuwa nimesimama ile ya juu tangu alfajiri. Nyumba yenu naiangalia. Hakuna aliyeigusa.

Barua yako ya tafadhali nilipewa siku ile mliyokuja na lile sanduku dogo kutoka Nyeri. Muriithi alinikabidhi tukiwa kaburini, maana alikuwa ametoka nayo posta asubuhi. Niliisoma nyuma ya watu. Halafu nikarudi mbele nikashika jembe, ukanipokonya.

Watu wananifariji. Huo ndio ubaya wa watu wa huku. Wamae mwenyewe amekuja kuniambia kwamba Julai huchukua watoto hata waliofungiwa milango mitatu. Daktari alisema ni mapafu, hakusema ni mlango. Chifu anasema ni Mungu. Kila mtu amenipa mahali pa kujificha, na nimejaribu kukaa kila mahali, hapanitoshi.

Kazi nimeacha. Ningeweza kusema niliacha kwa hasira, lakini hakuna aliyenizuia. Zahanati wameanza kuezeka. Wameniambia watapaka chokaa kabla ya mvua. Mawe aliyobeba Kagure yako upande wa mashariki, chini, nayajua kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nawahesabia akina mama.

Nimesikia barua yenu ya kwa D.C. imeshapelekwa, na ndani mmesema Chifu Kihara ndiye aliyeiacha nyumba yako wazi mpaka mtoto akafa. Jana alipita hapa na D.O. wa tarafa, anaulizwa maswali, ameinama kama mtu aliyepigwa. Alinitazama. Nikatazama miti.

Hayo hayawezi kuendelea hivyo, ndiyo maana naandika. Mengine yote mnaweza kugawana, wewe na chifu na baridi na mimi. Wewe una lako na unalijua, sikusaidii kulibeba. Mimi nina langu moja ambalo hakuna mtu anayelijua.

Jumapili ile ya tarehe kumi na nne, siku ukungu ulipokaa mpaka mchana, chifu aliniita kwake. Mtoto alikuwa bado mzima, hakuwa ameanza hata kukohoa. Mke wa chifu alikuwa amemgombeza tangu kanisani. Akaniambia, "Ngatia, hii baridi si mchezo. Nyumba zote zenye watoto, rudisha milango leo leo. Pesa tutaidai jua likitoka."

Nikarudisha. Nilizunguka na askari mmoja mpaka jioni. Kwa Murugi niliufunga mwenyewe, nikaujaribu kama unalia. Kwa Wamae nikaongeza na msumari wangu. Niliporudi chifu akaniuliza, "Umemaliza wote?"

Nikamwambia, "Wote, mzee."

Wako ulikuwa umebaki pale ukutani, peke yake. Nilikuwa nangoja uniombe.

Ngatia